Louis Pasteur: Aliyefeli mtihani, kisha akagundua kinachoharibu maziwa

Pita Umoja, Kayole au Donholm asubuhi na mapema. Hukosi kibanda chenye ATM ya maziwa, na kijana ndani akiwajazia wateja chupa. Mashine hizo ni za juzi tu, lakini elimu iliyo nyuma yake ina zaidi ya miaka 150. Mengi ya elimu hiyo tunayo kwa sababu ya jamaa ambaye shuleni hakuwa wa kutajwa gwarideni.

Louis Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa fundi wa ngozi. Kijana mwenyewe alipenda kuchora kuliko vitabu. Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma, lakini akalemewa na upweke hadi babake akaenda kumchukua. Mwaka 1841 alifeli mtihani wa sayansi. Akaurudia 1842, akapita, ila alama zake za kemia zilikuwa za wastani tu. Ndiyo, hiyo hiyo kemia iliyokuja kumpa jina. Hakukata tamaa. Kufikia 1847 alikuwa amepata shahada ya uzamifu.

Mwaka 1854 alipewa kazi ya kuongoza kitivo cha sayansi mjini Lille. Miaka miwili baadaye, mwenye kiwanda kimoja cha pombe ya bitiruti alimjia analia hasara: mapipa mengine yalitoa pombe safi, mengine yaligeuka machachu. Pasteur akachukua hadubini. Kwenye mapipa mazuri aliona hamira, kwenye mabovu akaona vijiti vidogo sana. Mwaka 1857 alieleza kwamba vijidudu vya aina hiyo, vyenye uhai, ndivyo huchachusha maziwa. Kumbe hata mala unayokula na ugali ni kazi ya viumbe hao!

Wakati huo wasomi wengi waliamini vitu huoza vyenyewe. Pasteur akachemsha mchuzi ndani ya chupa yenye shingo iliyopinda kama ya bata maji. Ukakaa safi. Alipoivunja shingo, vumbi likaingia na mchuzi ukaharibika. Basi ikawa wazi: viini huingia kutoka nje.

Mwaka 1865 alisajili njia yake ya kupasha mvinyo moto bila kuuchemsha, ili usiharibike. Wengi hudhani alianza na maziwa, lakini sivyo. Aliyependekeza maziwa ya watoto yapashwe moto ni Mjerumani Franz von Soxhlet, mwaka 1886. Mwaka 1893, Nathan Straus akafungua vituo vya maziwa salama kwa watoto wa maskini jijini New York.

Maisha yake hayakuwa mteremko. Kati ya watoto wake watano, watatu walifariki wakiwa wadogo, wawili kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto. Bado aliendelea, na mwaka 1885 akamtibu mvulana Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Alifariki Septemba 28, 1895.

Sasa turudi mtaani. Maziwa mengi yanayonywewa Eastlands hutoka kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe wawili watatu, kule Kiambu au Nyandarua. Tangu soko lilipofunguliwa mwaka 1992 na KCC kupoteza ukiritimba wake, maziwa hupita mikono mingi: mkulima, mtu wa boda boda, dalali, mwenye kibanda. Kila mkono ni ile shingo ya chupa iliyovunjwa. Kiwele kisichooshwa, jerikeni ya plastiki yenye mikwaruzo inayoficha uchafu, masaa kwenye jua bila ubaridi, yote huongeza viini.

Kiwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, na viini vya magonjwa kama brusela hufa. Lakini moto hauondoi maji yaliyoongezwa, wala masalio ya dawa aliyodungwa ng'ombe. Tena hauzuii uchafu mpya kuingia ikiwa mfereji wa mashine haujasafishwa. Na maziwa yakikataliwa kwenye kituo, anayeumia kwanza ni mkulima aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua. Yakipita yakiwa mabovu, anayeumia ni mtoto.

Kwa hivyo kama unataka kuingia biashara hii, anza alipoanzia Pasteur: chunguza kabla ya kuamini. Nunua kipimo cha kuelea kinachoonyesha maziwa yaliyotiwa maji. Beba maziwa kwa mtungi wa alumini ambao mkono unaingia ndani kuuosha. Muulize anayekuletea yalikamuliwa saa ngapi. Tafuta leseni ya Bodi ya Maziwa. Safisha mashine kila siku, hata siku ambayo wateja ni wachache. Na wewe mnunuzi, kama huna hakika maziwa yalipashwa moto, yachemshe kwanza kabla ya kumpa mtoto.