Sewa Haji Alitoa Hospitali. Sisi Tutoe Waganga

Ndugu wana-Mzumbe, mlio nyumbani na mlio mbali,

Aliyewahi kuuguza ndugu yake Hospitali ya Taifa ya Muhimbili analijua jina la Sewa Haji. Ni jina la jengo la wodi, kama Mwaisela na Kibasila. Mwaka huu tunachangia mfuko wa kusomesha vijana wetu fani za afya, na tumeona vema kuwakumbusha maisha ya mtu huyo, maana yanatugusa kuliko tunavyodhani.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Wahindi Waismailia yenye asili ya Kutch. Baba yake alikuwa na duka Unguja, kisha akafungua tawi Bagamoyo. Sewa aliingia dukani angali kijana, wakati biashara ya misafara ya bara imeshamiri. Kazi yake ilikuwa kuwauzia wasafiri vitambaa, shanga na waya wa kubadilishana njiani, na kuwatafutia wapagazi. Misafara hiyo ilipita kwetu, chini ya milima ya Uluguru, ikapumzika Simbamwene, mji wa Kisabengo ulipo Morogoro ya leo, kisha ikaendelea kuelekea Tabora.

Hatumpambi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa safarini kumtafuta Livingstone, alimpa kazi ya kukusanya wapagazi Bagamoyo. Waligombana kwa mambo ya hesabu, na Stanley akamwandika vibaya kitabuni. Tena utajiri wa wafanyabiashara wa aina yake ulibebwa kwa mabega ya watu wa bara. Lakini katika miaka yake ya mwisho alifanya jambo ambalo ni matajiri wachache wa pwani walilifanya.

Miaka ya 1890, chini ya utawala wa Wajerumani, alitoa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote na dini zote wapokelewe. Akatoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, zaidi ya rupia 12,000. Alifariki Unguja mwaka 1897, akiwa na miaka ipatayo 46, na katika wosia wake akaacha mali ili mapato yake yawatunze wagonjwa na wenye ukoma.

Mwaka huohuo wa 1897 hospitali ile ilianza kazi kwa jina lake. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, ile tunayoiita leo Ocean Road. Waafrika na Wahindi walikwenda Sewa Haji.

Basi jengo lilipatikana, na vitanda vikapatikana. Waganga wakuu hawakutoka miongoni mwa waliolala kwenye vitanda hivyo. Vijana Waafrika walifundishwa uuguzi na kazi za wasaidizi wa tiba, lakini aliyetaka udaktari ilimbidi aende Makerere, Uganda, na waliofika huko walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, nchi yenye watu wapatao milioni 9 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Tangu Sewa Haji kufungua mlango wa hospitali hadi nchi kuanza kufundisha madaktari wake yenyewe, ilipita miaka 66.

Hatumlaumu yeye. Alifanya lililo ndani ya uwezo wake, na lile sharti la shule ya Bagamoyo linaonyesha alijua kuwa mtoto akifungiwa nje ya darasa, amefungiwa mengi. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya waliokuja baadaye, na sisi tumo.

Tujitazame. Kuanzia Sangasanga, Changarawe na Mlali hadi kule juu Mgeta, tumezoea kuchangia tofali, saruji na bati. Chuo tunacho mlangoni tangu mwaka 1953, na kimetoa maofisa wengi wa utawala na wahasibu. Je, wauguzi na matabibu waliozaliwa katika vitongoji vyetu tunawahesabu wangapi? Mtumishi anayetoka mbali tunamshukuru kwa moyo wote, ila naye ana kwao, na siku ya uhamisho ataondoka. Mama anayeshushwa mlimani usiku kwa machela anahitaji kumkuta mtu zahanatini, na ingefaa awe mtu anayeijua njia ile.

Vijana wetu wana akili. Wengi hukwama kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba mlango wa vyuo vya afya unapitia Kemia, Biolojia na Fizikia, na mabinti hasa huambiwa masomo hayo si yao. Wengine hufaulu, barua ya kujiunga na chuo ikaja, kisha ada ikawashinda.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, wanachama mlio wauguzi, matabibu, wafamasia na wataalamu wa maabara, tengeni siku moja mkiwa likizo mje kuzungumza na wanafunzi wa sekondari zetu. Kijana akimwona mtoto wa jirani yake amevaa koti jeupe, ataamini kwamba na yeye anaweza. Pili, kila mmoja achangie mfuko wa ada kadiri alivyojaliwa. Sharti letu ni lile la Bagamoyo: mtoto wa kike na wa kiume, wa kila dini, wa bondeni na wa mlimani, wote wapokelewe.

Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchangie.