Deni la Hamed bin Muhammed el-Murjebi

Hizi ni khabari za Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, ambaye watu wa bara walimwita Tippu Tip, na jina hilo likashinda hata likalifunika lile alilopewa na baba yake. Mengi yamesemwa juu ya vita vyake na bunduki zake. Lisilosemwa sana ni kuwa mtu huyu alikaa sehemu kubwa ya ujana na utu uzima wake akiwa mdeni, na safari zake kubwa zote zilikuwa safari za kutafuta cha kuwalipia watu.

Alizaliwa Kwarara, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyi biashara wa bara mwenye makazi Unyanyembe, na huko akamwoa binti wa mtemi Fundikira. Mama yake Hamed alikuwa wa kabila la el-Wardi, na kwa hao wajomba ndiko alikojifunza kazi. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 alianza kufuatana nao Mrima kununua sandarusi, ile gundi ya kale iliyokuwa ikichimbwa mchangani na kupelekwa Ulaya na Marekani kufanyiwa rangi ya kung'arishia mbao. Mizigo yake ilikuwa midogo na faida ilikuwa ndogo vilevile. Lakini mwenye mtaji mdogo hujifunza mapema kuhesabu.

Dalili ya hesabu hiyo ilionekana alipokuwa kijana wa karibu miaka 20, alipovuka ziwa la Tanganyika pamoja na wafanyi biashara wengine kwenda Urua. Pembe kubwa za ndovu zilikuwa na bei kubwa huko, kwa sababu kila tajiri alizitaka. Hamed hakuwa na mali ya kushindana nao. Akaziacha kubwa, akanunua pembe ndogo ambazo wenzake walizidharau na bei yake ilikuwa nyepesi, na aliporudi pwani akaziuza kwa faida nzuri. Wako watu wengi ambao ufukara wa mtaji huwafanya wakope zaidi ili wafanane na wakubwa. Yeye aliona heri kununua kile ambacho mkono wake unakifikia.

Yafaa kwanza kueleza deni la Unguja lilivyokuwa zamani zile. Mtu aliyetaka kwenda bara hakupewa fedha mkononi. Alipewa bidhaa: merekani, kaniki, ushanga, masango ya shaba, bunduki na baruti, na waraka ukaandikwa kuwa atalipa baada ya muhula fulani, kwa fedha au kwa pembe. Bei ya bidhaa za kukopa ilikuwa juu ya bei ya nakidi, maana tajiri alihesabu miaka ya kungoja na khatari ya njia. Wanazuoni wetu wameruhusu kuuza kwa muhula kwa bei iliyozidi ya nakidi, madamu bei ni moja, imekatwa siku ya mkataba na pande zote mbili zimeijua. Waliloharimisha ni kuongeza deni kila muhula unapopita, kwani hiyo ndiyo riba iliyokuwa mashuhuri wakati wa ujahili. Wangapi katika matajiri wa Unguja waliuchunga mpaka huo ni jambo lao na Mola wao. Mkopaji naye alikuwa hana la kujitetea ila kulipa kwa wakati.

Hamed alianza na madeni machache, akaenda safari fupi za upande wa kusini, akarudi akalipa, akakopa zaidi kidogo, akalipa tena. Kwa kulipa huko ndiko jina lake lilikojengeka sokoni. Katikati ya miaka ya 1860 akaweza kukusanya bidhaa za riale 30,000, nazo hazikutoka kwa mtu mmoja bali kwa wawia wapatao 20, kila mmoja na waraka wake. Mtu mwenye wawia 20 ana mabwana 20. Safari ikicheleweshwa na njaa au mvua, hana mmoja wa kumwendea na kumwomba subira. Inampasa awaridhishe wote.

Safari hiyo nusura iharibike kabla haijaiacha pwani. Wapagazi walikuwa 700 na desturi ilikuwa kuwapa sehemu ya ujira mapema. Walipofika Mkamba, upande wa Rufiji, wapagazi wakatoroka na ujira wao. Bidhaa za watu 20 zikabaki chini zimelala, na kila siku inayopita ni posho inayoliwa. Hamed alifanya nini? Alichukua bunduki zake, akazunguka katika vijiji vyao, akakamata watu hata akapata wa kuichukua mizigo, akaenda zake. Wasifu wake husimuliwa kwa kusifu ushupavu huu. Lakini kwa haki ni kuwa hasara ya mkopaji ilihamishwa ikawekwa juu ya vichwa vya watu, na wengi wao hawakuwa wamechukua hata upande wa merekani katika mali yake.

Kutoka huko akashika njia ya Usangu, na toka Usangu kwenda kwa Wabemba, nchi ambayo watu wa pwani waliiita Ruemba. Njia hiyo hupita katika nchi za Wanyiha na Wanyamwanga, ambazo leo ni mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, na mwisho wake ni Tunduma, mji wa mpakani ambao magari ya mizigo hupanga foleni yakielekea Zambia. Wakati wa Hamed hapakuwa na mpaka wala mji. Palikuwa na vijiji vya wafua chuma wa Unyiha, na wafumaji wa nguo za pamba, na kaskazini, karibu na ziwa Rukwa, palikuwa na machimbo ya chumvi ya Ivuna yaliyokuwa yakifanya kazi kwa mamia ya miaka. Si nchi ya watu waliokuwa wakingoja mgeni wa pwani awaletee kitu cha kuvaa.

Na katika nchi kama hizi ndipo mkopaji hujaribiwa. Pembe hazikuwa nyingi, lakini kula kulikuwa kila siku. Msafara wa watu 700 hula asubuhi na jioni, na chakula hununuliwa kwa nguo na ushanga ule ule uliokopwa. Kila mwenye nchi hutaka hongo yake, na ni haki yake, maana njia ni yake. Doti moja iliyotolewa kwa mtama haiwi pembe tena. Na pembe isipopatikana, yule mwia aliyekaa barazani Unguja hatauliza mtama ulikuwa bei gani. Hivyo kiongozi wa msafara alikuwa na hesabu mbili za kushika pamoja: siku ngapi zimebaki kufika penye pembe, na magora mangapi yamebaki hayajafunguliwa. Aliyefungua magora kwa ukarimu ili aonekane tajiri mbele ya watemi alirudi pwani na madeni yasiyolipika, na wengine hawakurudi kabisa; walibaki bara uzeeni, si kwa kupapenda, bali kwa kuwaogopa wawia wao. Watu wa namna hiyo walikuwa wakijulikana Unyanyembe na Ujiji. Hamed aliwaona kwa macho yake tangu udogo wake.

Alipofika Ruemba alifanya biashara nzuri na Mwamba, mkubwa wa Wabemba. Kisha akafanya jambo la busara: hakuibeba mali yote kwenda nayo mbele. Sehemu akaiacha Ruemba mikononi mwa ndugu yake, Muhammed bin Masud el-Wardi, naye akaendelea na sehemu nyingine kwenda Itahua kwa mtemi Nsama. Mali ya watu ikigawanywa, haipotei yote kwa pigo moja.

Na pigo likaja. Mwaka 1867, ndani ya mji wa Nsama, palizuka vita, na Hamed akapigwa mishale mitatu. Hapa yafaa kusimama kidogo. Kila aliyesoma hadithi anajua kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maiti ya mtu mwenye deni la dinari mbili, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari mbili. Kijana huyu alikuwa chini ya mishale na riale 30,000 za watu shingoni mwake, mbali na pwani mwendo wa miezi, wala hapakuwa na Abu Qatada kwa deni la kadiri ile. Lau angalikufa siku hiyo, nyaraka 20 zingalimngoja Unguja.

Hakufa. Bunduki zilishinda, Nsama akakimbia, na kwa mlio wa bunduki hizo ndipo alipopata jina la Tippu Tip. Katika mji ule zikapatikana frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba, pamoja na chumvi, na mateka wa watu. Mwaka huo huo Mwingereza Livingstone akapita nchi zile akiwa mgonjwa na mhitaji, na Hamed akamkirimu kwa chakula na nguo na kumpa watu wa kumwonyesha njia.

Hesabu ya pembe hizo si ngumu. Mpagazi mmoja huchukua kama frasila 2. Frasila 1,950 hutaka watu 975, na shaba hutaka wengine 350. Wapagazi waliotoka Mkamba walikuwa 700. Basi msomaji na ajiulize mizigo iliyozidi ilichukuliwa na nani mpaka pwani, njia yote ile ya Ruemba na Unyamwanga na Usangu, na kama waliochukua walikuwa na waraka wowote wa kudai. Mwenye kulipa deni kwa mali aliyoinyang'anya hajamaliza deni. Amelihamisha kutoka kwa mwenye kalamu kulipeleka kwa asiye na kalamu.

Mapema mwaka 1869 Hamed alikuwa Unguja tena. Wawia wote 20 wakalipwa. Katika mji ambao watu walizoea kungoja miaka na kupokea nusu, khabari hiyo ilienea upesi kuliko khabari za vita. Ndipo Taria Topan, Khoja wa Kachi na mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja, akamfungulia ghala zake, akampa bidhaa za riale zipatazo 50,000 kwa safari mpya. Kwa hesabu ya maneno deni lilizidi. Kwa hesabu ya utulivu lilipungua. Mahali pa wawia 20 palikuwa na mmoja, mwenye uwezo wa kungoja, na mwenye kujua kwamba pembe za bara haziji kwa mwezi mwandamo.

Akaondoka mwaka 1870, wala hakurudi kwa miaka 12. Alipita Urua, akaingia Utetera, na huko akadai kuwa ni mjukuu wa nyumba ya mtemi Kasongo Rushie, madai yasiyokuwa na ukweli. Mzee yule akampokea akamwachia utawala, na pembe zikawa zinamjia kama kodi pasipo kutoa nguo. Kasongo na Nyangwe zikawa makao yake. Mwaka 1876 akakubali kumsindikiza Stanley kwa vituo 60 kwa ahadi ya riale 5,000, na aliagana naye kabla vituo havijatimia. Muda wote huo mali ya Taria ilikuwa haijaisha kulipwa. Miaka ilipozidi, barua zikaja kutoka kwa Taria na kwa Seyyid Barghash zikimtaka arudi. Wengi katika hali yake, wenye ufalme wao na bunduki zao, wangalizitupa barua hizo motoni. Nani angalikwenda Manyema kumkamata? Yeye akafunga pembe zake, akatengeneza njia kwa maneno mazuri na Mirambo, aliyekuwa na vita vya miaka na Waarabu wa Unyanyembe, na mwezi wa Novemba 1882 akaingia Unguja. Taria Topan akapata haki yake.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1887 Hamed alifanywa wali wa maporomoko ya Kongo kwa ujira wa pauni 30 kwa mwezi, chini ya serikali ya mfalme wa Wabelgiji, na akafanya mkataba na Stanley wa kumpatia wapagazi. Mkataba huo ulizaa ugomvi, na mwaka 1889 Stanley akamshitaki katika mahakama ya balozi wa Kiingereza Unguja, akitaka pauni 10,000. Fedha zake zilizokuwa kwa nyumba ya Taria zikazuiliwa. Mwaka 1891 akarudi Unguja, na mwaka huo ndio aliokufa Taria Topan. Daawa ile ikaisha pasipo yeye kulipishwa.

Uzeeni alikaa katika nyumba yake ya Mji Mkongwe na mashamba yake, na kufika mwaka 1902 akamsimulia Mjerumani Heinrich Brode maisha yake kwa Kiswahili. Ndani ya masimulizi hayo frasila zimehesabiwa, riale zimehesabiwa, na matajiri waliomkopesha wametajwa. Wapagazi waliochukua pembe za Nsama hawakutajwa majina. Alikufa kwa homa mwezi wa Juni 1905, Unguja, na huko akazikwa.