Ibn al-Haytham, Mwanachuoni wa Handasa

Miongoni mwa wanavyuoni ambao majina yao hutajwa sana na kazi zao huchunguzwa kidogo ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraq, yapata mwaka 354 wa Hijra, ambao ni mwaka 965 wa Miladi. Wengi wamjua kwa kitabu chake cha elimu ya mwangaza na kuona, Kitab al-Manazir. Sisi twataka kumtazama katika elimu ya handasa, yaani jiometri, kwani huko ndiko tabia yake ionekanako wazi zaidi.

Wanahistoria wamesimulia kuwa alipokuwa Iraq alitaja kwamba maji ya Mto Nili yangeweza kutawaliwa, yawafae watu wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Habari hizo zikamfikia Al-Hakim, mtawala wa Kifatimi wa Misri, naye akamwita. Ibn al-Haytham akasafiri hata kusini ya Aswan. Njiani aliyaona majengo makubwa ya watu wa kale, yaliyojengwa kwa hesabu timamu, akafahamu kuwa lau jambo lile lingaliwezekana, watu wale wangalikwisha kulifanya. Akarejea Cairo, akakiri kushindwa. Kisha, kwa kuicha hasira ya mtawala huyo, akajifanya mwenda wazimu, akakaa amefungiwa nyumbani mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 1021.

Baada ya hapo alikaa karibu na Msikiti wa Al-Azhar, akila kwa jasho la kalamu yake. Yasimuliwa kuwa kila mwaka alinakili vitabu vya hisabati, kimojawapo kikiwa kile cha Euclid Myunani, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikamtosha mwaka mzima.

Kitabu cha Euclid chaanza na kitu kidogo kabisa: nukta, isiyo na sehemu. Nukta moja peke yake haimwelekezi mtu popote. Nukta mbili hupitiwa na mstari mnyoofu mmoja tu, na mwashi hulijua hilo avutapo uzi wake baina ya vigingi viwili. Nukta tatu zisizokuwa katika mstari mmoja hukaa katika uso bapa mmoja tu, na hupitiwa na duara moja tu. Ndiyo sababu kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu, hali meza ya miguu minne huyumba. Na mtu aliyeokota kigae cha ukingo wa bakuli aweza kuujua upana wa bakuli zima. Atie nukta tatu katika ukingo ule, aunganishe ya kwanza na ya pili, na ya pili na ya tatu. Kisha katikati ya kila mstari asimamishe mstari mwingine kwa pembe mraba. Hapo mistari hiyo miwili ikutanapo ndipo penye kitovu cha duara.

Lakini ni nani aliyetuhakikishia kuwa mistari hiyo lazima ikutane? Jambo hilo lategemea kanuni ya mistari sambamba, ambayo Euclid aliiweka bila ya kuitolea dalili. Ibn al-Haytham, aliyekuwa akikinakili kitabu hicho kwa mkono wake, hakuona kuwa kunakili ni kukubali. Aliandika maelezo ya misingi yake, na kitabu kingine cha kuyatatua mashaka yaliyomo. Akajaribu kuithibitisha kanuni ile kwa kuutembeza mstari mmoja uliosimama juu ya mwingine. Baadaye Omar Khayyam alimpinga, kwa kuwa hakuona mwendo kuwa na mahali katika misingi ya handasa. Na katika karne ya 19 ilibainika kuwa kanuni hiyo haithibitiki kwa zile nyinginezo. Basi hoja yake haikusimama; lakini alipotia kidole ndipo hasa palipokuwa na shaka.

Wala elimu hii haiko mbali na mihirabu yetu. Ibn al-Haytham aliandika pia juu ya kuutafuta upande wa Kibla kwa hesabu. Zifikiri nukta tatu: hapo uliposimama, Makka, na kitovu cha ardhi. Hizo zimo katika uso bapa mmoja, na uso huo huikata ardhi kwa duara kubwa. Kuifuata njia fupi ya duara hilo ndiko kuelekea Kibla. Sisi watu wa Mombasa twaelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Mtu wa Basra hana budi kupiga hesabu.

Alifariki Cairo yapata mwaka 1040. Kitab al-Manazir kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel, wanavyuoni wa Ulaya wakanufaika nacho.

Ndugu msomaji, mwanafunzi anakiliye maneno ya mwalimu wake afanya jema, na aliyeishia hapo amebeba mzigo asioujua uzito wake. Ibn al-Haytham alimheshimu Euclid hata akamwandika kila mwaka, na juu ya hayo akamdai dalili. Kumwuliza mwalimu dalili si kumvunjia heshima. Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.