Rudolf Diesel, mtu aliyewasha mafuta bila cheche

Trekta dogo likigoma kuwaka alfajiri ya baridi mjini Mbale, chini ya Mlima Elgon, mahindi hubaki shambani na lori la kwenda mpakani Busia au Malaba huondoka na nusu ya mzigo. Ufumbuzi wake umo katika maisha ya Rudolf Diesel, mhandisi ambaye jina lake hutajwa kila siku kwenye vituo vya mafuta kuanzia Jinja hadi Mombasa.

Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, mtoto wa wazazi Wajerumani. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia ilihamia London, naye akiwa na miaka 12 akapelekwa kwa jamaa zake Augsburg, Ujerumani. Baadaye alisoma uhandisi Munich. Huko alijifunza kwamba injini za mvuke zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya moto wake, na jambo hilo halikumtoka akilini.

Mwaka 1892 aliomba hataza ya injini isiyohitaji plagi. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikapata joto kali, kisha mafuta yakiingizwa humo huwaka yenyewe. Kutenda kulikuwa kugumu. Kulitokea mlipuko injini ya kwanza ilipojaribiwa mwaka 1893. Mwaka uliofuata ilijiendesha kwa takriban dakika moja tu. Ni mwaka 1897 alipopata injini ya takriban nguvu za farasi 20, iliyogeuza robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Taabu yake ndiyo taabu ya fundi wa Jinja leo, kwa kuwa injini ile inategemea joto la hewa iliyobanwa. Ikizungushwa bila kutoa moshi wowote, mafuta hayafiki: hukaguliwa tangi, chujio, pampu, na hewa iliyonaswa kwenye mipira ya mafuta. Ikitoa moshi mweupe bila kuwaka, mafuta yanafika lakini joto halitoshi. Huenda betri ni dhaifu na inazungusha polepole, au ringi za pistoni na valvu zimelika na kuvujisha hewa. Anayekagua kwa mpangilio huo hanunui nozeli mpya wakati kilichoziba ni chujio.

Diesel alitajirika, kisha akazama kwenye madeni. Usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa na miaka 55, alitoweka kwenye meli Dresden iliyokuwa ikitoka Antwerp kwenda Uingereza. Mwili wake ulipatikana baharini siku kadhaa baadaye, na kiini cha kifo chake hakijathibitishwa hadi leo.

Malori yaliyopanga foleni Malaba bado yanaishi kwa kanuni yake: mafuta safi, hewa iliyobanwa sawasawa na mzunguko wa kasi.