Varahamihira, Bingwa wa Elimu ya Nyota

Varahamihira aliishi Ujjain, India, katika karne ya 6. Alifunzwa na baba yake, Adityadasa. Katika kitabu chake Brihat Jataka alieleza maana ya sayari kukutana katika buruji moja. Jua na Utaridi humjalia mtu akili na ustadi wa kazi. Sayari nne au zaidi, zikiwa na nguvu, humwelekeza kwenye utawa. Lakini iliyofunikwa na mwanga wa Jua haimfanyi mtawa, bali humpa heshima kwa watawa. Aliwastahi pia Wayunani, ingawa walikuwa wageni, kwa ajili ya elimu yao. Basi wazazi wa Kisesa wasikatae posa kwa kuitazama kundali mara moja tu. Bingwa mwenyewe alipima kwanza.