Kimbangu: Miaka 30 kwa Kuhubiri
Kila tukifundishwa uhuru wa dini, mimi namkumbuka Simon Kimbangu. Mwaka 1921 alihubiri na kuombea wagonjwa kwao Nkamba, Kongo ya Wabelgiji, miezi michache tu. Watu wakaacha kazi, wakamfuata. Serikali ikaingiwa na hofu. Alijisalimisha mwenyewe. Mahakama ya kijeshi, bila wakili wa kumtetea, ikampa viboko 120 na kifo, eti kahatarisha usalama wa nchi. Usalama gani, jamani? Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lake likatambuliwa kisheria Desemba 1959, Wabelgiji wakiwa wamebakiza miezi sita tu waondoke.