Ibn al-Haytham na Pembe ya Nne

Ukiwauliza wanafunzi wenzangu hapa Gesima ni nani bingwa wa pembe mraba, wote watamtaja Pythagoras. Sina ugomvi naye. Lakini leo nawasimulia juu ya Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye naona amesahauliwa bure.

Alizaliwa Basra, nchini Iraki, karibu mwaka 965. Wanahistoria wanasimulia kwamba alijigamba kuwa angeweza kuyatawala maji ya mto Nile, yasifurike ovyo wala kupungua. (Maji hayo si mageni kwetu: mvua ya hapa Gesima huteremka na mito hadi Ziwa Victoria, na kutoka ziwani ni Nile hadi Misri.) Habari zikamfikia al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita Kairo na kumpa watu wa kazi. Ibn al-Haytham akapanda na mto hadi karibu na Aswan. Huko akayatazama majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa barabara, akawaza kwamba lau kazi ile ingewezekana, wajuzi kama wale wangeshaifanya zamani. Akarudi mikono mitupu.

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Al-Hakim alijulikana kwa kuwaua hata maofisa wake. Basi mgeni wetu akafanya nini? Akajifanya mwendawazimu! Akafungiwa nyumbani, akauigiza wazimu huo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Si mchezo, jamani, kuficha akili kama ile miaka yote hiyo. Alipoachiliwa aliishi karibu na msikiti wa Al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu, kikiwemo kile cha jiometria cha Euclid. Alifariki Kairo karibu mwaka 1040.

Kitabu chake kikubwa ni cha nuru na macho, lakini mimi kilichonivutia ni pembenne yake. Chora pembenne yenye pembe mraba tatu. Je, ya nne ni lazima iwe pembe mraba pia? Utacheka: jumla ni digrii 360, toa 270, zinabaki 90, kwisha! Fundi wa mawe huku kwetu hata hajumlishi. Hupima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa futi 5 kamili, kona ni pembe mraba. Kisha, pande zinazotazamana zikiwa sawa, huvuta kamba mshazari kutoka kona hadi kona, mara mbili. Kamba zikilingana, anajenga.

Lakini nani alithibitisha hiyo 360? Kumbe jumla hiyo yenyewe inategemea kanuni ya Euclid ya mistari sambamba, na kanuni hiyo ndiyo Ibn al-Haytham aliyotaka kuithibitisha. Kuitumia 360 hapo ni sawa na mshtakiwa kuwa shahidi wake mwenyewe. Kwa hiyo alishika njia nyingine. Pembe ya nne ama ni ndogo kuliko pembe mraba, ama ni kubwa, ama ni mraba. Akazikataa mbili za kwanza kwa kuwaza kijiti kilichosimama wima juu ya mstari, kikisogezwa bila kuinama, na ncha yake ikichora mstari mnyoofu.

Omar Khayyam, aliyezaliwa 1048, hakuridhika. Kwake, mwendo haukuwa na nafasi katika jiometria. Wataalamu wakahangaika na pembe hiyo mpaka karne ya 19, wakati Lobachevsky wa Urusi na Bolyai wa Hungaria walipojenga jiometria nzima ambamo pembe ya nne ni ndogo kuliko mraba.

Na juu ya kitu cha mviringo kama dunia, mambo hugeuka tena. Anzia Maseno, inapopita ikweta. Nenda kaskazini moja kwa moja hadi kwenye ncha ya dunia, kata kona ya pembe mraba mkono wa kulia, teremka hadi ikweta kule kwenye visiwa vya Indonesia, kisha ufuate ikweta urudi Maseno. Umechora pembetatu yenye pembe mraba tatu! Mwenye shaka achukue chungwa na kalamu.